Gari Lije Likitembea

Mimi naitwa Anande, na kabla hamjaniuliza, mzee yuko Machame. Amelala kwenye kihamba cha baba yake, shamba la ukoo, katikati ya migomba, mwaka na miezi miwili sasa, na hawezi kuja kuangalia betri. Naanza na hilo kwa sababu wiki ile niliulizwa "mzee yuko wapi" mara nne, nilihesabu, na mara ya nne ilibaki kidogo tu nimpige mtu na spana.

Kwa asiyenijua: nilikuwa muuguzi miaka thelathini na mmoja. Nimestaafu, naishi Engutoto, na nimekodi ekari moja Nduruma ninapolima vitunguu. Hiyo ekari ndiyo inanilisha. Kila siku ya kumwagilia nabeba pampu, mipira ya maji, mbolea na dumu la petroli. Sasa niambie, pampu nitaipakata kwenye bodaboda kama mtoto? Bila gari hakuna Nduruma, na bila Nduruma nitafungasha nguo zangu niende Mwanza kwa mwanangu Eliya nikawe bibi wa kufungua geti. Eliya ni mtoto mzuri. Lakini sitaki.

Gari lenyewe ni kigari kifupi cha kijani, cha Kijapani, alichoniachia mume wangu Elifuraha. Na Dismasi, mdogo wake, alikuwa analitaka. Hakusema analitaka, thubutu! Kwenye kikao cha ukoo cha kumaliza mwaka wa msiba alisimama, akakohoa, akasema, "Gari la mwanaume lisije likaozea kwenye uwanja wa mwanamke. Mimi sina neno na shemeji. Ila kama halitumiki, lije nyumbani, litumikie ukoo." Kutumikia ukoo maana yake kumpeleka Dismasi Boma Ng'ombe kula kitimoto. Nikasema linatumika, naendesha mwenyewe. Akasema hajawahi kuliona likiendeshwa na mimi. Tukabishana mpaka chai ikapoa, mwisho wakaamua: kikao kijacho, Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane, saa nne asubuhi, gari liwe uwanjani.

"Lije likitembea," Dismasi akaongeza, "lisije likivutwa. Na alilete mwenyewe."

Derick, mpwa wa marehemu, ndiye katibu wetu. Akaandika kwenye daftari, neno kwa neno. Na kitu kikishaingia kwenye daftari la Derick hakitoki.

Alhamisi, siku mbili kabla ya kikao, gari likafa.

Nimeshavaa gambuti, pampu iko nyuma, natia ufunguo, nazungusha: tk-tk-tk-tk. Nikazungusha tena. Tk. Mara ya tatu halikusema kitu. Nilikaa mle ndani nikitazama manyunyu kwenye kioo, nikasema kwa sauti, "Elifuraha, si wiki hii. Tafadhali sana, si wiki hii."

Hapa lazima niwaeleze habari ya Elifuraha na boneti. Mume wangu alikuwa karani, lakini kwenye ukoo wao alijulikana kama fundi. Redio ya fulani imekufa, muite Elifuraha. Taa ya kanisa inapepesa, muite Elifuraha. Gari letu hakuwahi kulipeleka kwa fundi yeyote, na hilo alilitangaza kwenye kila harusi. Jumamosi anafungua boneti, anajifungia na gari lake kama padri na toba. Nikisogea kuangalia, ananisukuma kwa kiwiko. "Mama Eliya, hapa si jikoni." Miaka kumi na miwili ya lile gari, sikuwahi kuona kilichomo mbele. Nimezalisha wanawake zaidi ya elfu mbili, nimetoa watoto waliokaa vibaya tumboni, lakini boneti la gari letu, nisiguse, nitaungua!

Kwa hiyo Alhamisi ile ilinichukua robo saa nzima kujua boneti linafunguliwa wapi. Sioni aibu kusema. Nilivuta kila kitu kilichovutika, nikafungua tanki la mafuta, nikafungua buti, nikarudisha kiti nyuma nusura nivunjike kiuno. Nilipolifungua hatimaye, betri nikaitambua, kwa sababu ilikuwa imevimba tumbo pande zote mbili na vichwa vyake vimeota unga mweupe wenye kijani.

Nikamuita dereva wa teksi wa pale kona aniwashie kwa waya zake. Akachungulia, akarudi nyuma hatua mbili. "Hii imevimba, mama. Mimi siungi waya zangu hapa, itatulipukia. Nunua mpya. Kwani mzee yuko wapi?"

Moja.

Nikampigia Eliya. "Mama, usiguse kitu," akasema. "Gari hizo ukikosea waya unaunguza kila kitu. Nenda kwa mawakala wenyewe." Basi Ijumaa asubuhi nikavaa vizuri, nikaenda kwa mawakala wa magari, wale wenye viti laini na maji ya kunywa ya bure. Mezani nikamkuta binti mmoja, Diana, kucha ndefu, adabu tele.

"Shikamoo mama, karibu. Mzee ndiyo anaegesha gari?"

Mbili.

"Marahaba. Gari liko nyumbani, betri imekufa. Nataka kununua betri nikaifunge."

Akatabasamu kama ninavyotabasamu mimi nikiambiwa na mgonjwa kwamba amejitibu kwa mafuta ya taa. "Mama, gari za siku hizi zina kompyuta. Ukichomoa betri mwenyewe, kompyuta inachanganyikiwa. Inabidi livutwe mpaka hapa, mafundi walikague lote, ndiyo tufunge."

"Kompyuta gani, mwanangu? Lile gari madirisha tunazungusha kwa mkono!"

"Ndiyo utaratibu, mama. Nafasi ipo Jumanne."

"Kikao ni kesho."

"Kikao gani, mama?"

Nianze kumweleza nini? Nikanywa maji yao yote, glasi tatu, angalau nipate kitu, nikaondoka.

Eliya akasema basi, nakutumia namba ya fundi anaitwa Calvin, kijana mzuri sana, ana vifaa vyake, atakuja nyumbani. Nikampigia saa nne na nusu. "Nipo njiani, mama." Saa tano na nusu: "Nipo njiani, mama, ndiyo nafika Kijenge." Saa saba: "Nipo hapa hapa Kijenge." Nikamuuliza, hapo Kijenge umenunua kiwanja? Akacheka. Ala! Mimi karibu nilie, yeye anacheka! Saa nane nilipopiga nikasikia nyuma yake watu wanashangilia mpira. "Foleni, mama," akasema. "Kwani mzee hayupo hapo akaanza kulegeza legeza kidogo mpaka nifike?"

Tatu. Nikamkatia simu. Wanasema subira yavuta heri. Mimi subira yangu ilivuta mpira wa miguu.

Nilisimama uwanjani pangu nikahesabu masaa. Nikaona daftari la Derick limefunguliwa, naona Dismasi anakohoa. Hasira zikanipanda mpaka masikio yakawa ya moto. Nikajiuliza: hivi kwenye betri kuna nini? Waya mbili na nati mbili. Nimeshona watu! Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Nikainama, nikapiga picha ile betri kwa simu, namba zake, upande wa ile alama ya jumlisha, kile kichwa wanachokiita chanya, kisha nikachukua bodaboda mpaka Kaloleni, kwenye duka la betri la Muzammil.

Muzammil ni mtu wa makamo, kofia yake safi, meza yake safi, na haongei sana. Akaniuliza aina ya gari na mwaka. Nikamwambia. Akaenda nyuma, akaleta betri.

"Hii ndiyo yako. Chanya iko kushoto."

Nikatoa simu. "Tazama. Yangu iko kulia."

Akatazama picha muda mrefu, akakunja uso. "Hapana, mama. Gari hizi nazifunga kila wiki. Chanya ni kushoto. Hapa kuna mtu alifanya kitu." Akanirudishia simu. "Mzee yuko wapi, nimweleze?"

Nne. Jamani! Sijui hata nilisema nini pale. Najua nilisema kwamba mzee amekufa, kwamba alipokuwa hai hakuwa mtu wa kukosea, kwamba alilitengeneza gari lile kwa mikono yake miaka kumi na miwili bila fundi, na kwamba kama duka halina betri ya chanya kulia aseme niende kwingine. Watu wa duka jirani walitoka nje kusikiliza. Muzammil akaichukua ile betri ya kushoto mezani. Akasema, "Pole kwa msiba, mama," akarudi nyuma, akaleta ya kulia. Akaandika risiti, na chini yake akaandika namba ya simu.

Nyumbani nilimkuta jirani yangu Najim, ninayemwita Baba Salwa, kibarazani kwake. Baba Salwa ni fundi nguo mstaafu, mtu wa Kondoa, mpole, na anaogopa umeme kuliko anavyoogopa nyoka. Nikamwambia njoo unishikie mwamvuli, manyunyu hayakati. Akaja. Bintiye Salwa akamtumia video kwenye simu, mtu fulani anaongea Kiingereza cha puani, maneno hatukuyapata ila mikono tuliielewa: waya wa hasi unatoka kwanza, na wakati wa kufunga unarudi mwisho.

Nikavaa glovu zangu za kazini. Ule unga mweupe sikuhitaji kufundishwa, ile ni asidi, na dawa ya asidi iko jikoni kwa kila mtu: magadi. Nikakoroga kwenye maji ya moto, nikamwagia, ikachemka povu mpaka Baba Salwa akaondoka na mwamvuli.

"Rudi hapa, Baba Salwa!"

"Nilidhani inalipuka, Mama Eliya."

"Ni magadi! Yale yale unayokulia makande!"

Spana namba kumi. Nati ya kwanza ilikataa, nikaipiga na mwichi wa kinu, ikakubali. Ya pili ikanichubua vidole viwili. Betri ilikuwa imefungwa kwa mpira mweusi, ule wa kufungia mizigo kwenye pikipiki, na nikajisemea, Elifuraha naye, mpira? Lakini nikapita. Nikainyanyua ile maiti, nikaweka mpya. Ikakaa. Chanya kulia, waya ukafika, nikakaza. Hasi kushoto, waya ukafika, nikakaza. Nikanyooka, nikamwambia Baba Salwa, umeona? Kompyuta gani!

Nikaingia, nikazungusha ufunguo. Tk. Halafu harufu ya mpira unaoungua, na moshi mwembamba mbele.

"Toka, Mama Eliya! Toka!" Baba Salwa yuko getini tayari.

Nikarukia, nikachomoa hasi. Moshi ulikuwa unatoka kwenye waya wa chanya, mahali palipozungushiwa utepe mweusi, mnene kama bandeji ya kidonda. Nikatafuta mkasi, nikakata. Chini ya utepe, kipande cha mpira wa baiskeli. Nikatoa na mpira, nikakaa chini kwenye majani mabichi kuangalia.

Waya wenyewe wa gari uliishia pale, mfupi, na kibanio chake kizima kabisa. Kwenye kibanio hicho kulikuwa kumefungwa kwa boliti kipande cha waya mwingine, waya wa nyumba, ule wa umeme wa jikoni, umesokotwa mara nne, ukavutwa mpaka upande wa kulia. Boliti lenyewe limeoza kwa ile asidi. Nikafuata waya wa hasi: hivyo hivyo. Utepe, mpira, waya wa jikoni.

Nikaelewa. Siku fulani Elifuraha alinunua betri isiyo yake. Kama mimi leo, alibeba betri ya kulia. Angeweza kuirudisha dukani. Lakini kurudi dukani ni kusema nimekosea, kwa hiyo akaunga waya, akafunika, akafunika tena, na tangu hapo nisisogee, nitaungua. Miaka yote ile ya "hapa si jikoni", na waya ameutoa jikoni! Nikakumbuka hata lile tundu la umeme lililokufa karibu na jiko, aliloniambia waya wake umeliwa na panya.

"Mwongo wewe!" nikapiga kelele. "Elifuraha, mwongo! Na mimi nimemtukana mtu wa watu Kaloleni kwa ajili yako!"

"Mama Eliya," Baba Salwa akasema taratibu kutoka getini, "marehemu hasemwi vibaya."

"Huyu anasemwa! Leo anasemwa!"

Nikalia, ndiyo. Hasira nusu, na nusu nyingine sijui niiiteje. Ilikuwa inakaribia saa kumi na mbili. Nikachukua risiti, nikapiga ile namba. Muzammil akapokea. Nikamwambia, ni yule mama wa betri ya kulia. Nikasema, "Ni kushoto. Ulisema kweli, nisamehe." Ukoo wa mume wangu wote, sijui kama kuna mtu amewahi kutamka maneno hayo. Akasema nimeshafunga, mama, lakini kesho nafungua saa tatu. Kwa ajili yako nitakuja saa mbili na nusu.

Na alikuja. Jumamosi saa mbili na nusu kamili alikuwa anafungua kufuli, na mimi nipo mlangoni, betri ya kulia imenikalia mapajani juu ya bodaboda, miguu imekufa ganzi. Akaitazama, haikuwa na mkwaruzo, akaibadilisha. Nikamwonyesha vile vipande vya waya, nilivyoving'oa jana jioni.

Akatikisa kichwa. "Subhanallah. Aliyefunga hivi nani, mama? Hawa vijana wa mtaani?"

Nikavirudisha vile vipande mkobani. "Ndiyo," nikasema, "vijana wa mtaani."

Saa tatu na nusu nilikuwa nimeinama tena. Waya wa jikoni wote nimeung'oa, vibanio vya gari nimevisugua kwa brashi ya zamani ya meno mpaka vikang'aa. Chanya kushoto, ukafika bila kuvutwa. Hasi kulia, ukafika. Badala ya ule mpira nikakaza kile chuma cha kushikia betri, nilichokikuta kimetupwa stoo miaka yote, sikujua ni cha nini. Baba Salwa ameshavaa koti na baraghashia, ana kilo mbili za sukari kwenye mfuko, kwa sababu alisema ujirani si maneno, atanisindikiza akawape pole wazee. Nikazungusha ufunguo. Gari likawaka mara moja, sauti nzito, safi. Sikumbuki kuisikia hivyo tangu tulinunue.

Sikushangilia. Ilikuwa saa nne kasorobo, na Machame siyo hapo Njiro, mtaa wa jirani.

Ile barabara! Tengeru malori, Usa River trafiki ananisimamisha ananiuliza kizima moto, Kikatiti ng'ombe wanavuka mmoja mmoja kama wanakwenda kupokea komunyo. Boma Ng'ombe tulipita bila kusimama, tukapinda kupanda. Baba Salwa alishika mkanda wake kwa mikono miwili na kusoma dua kimya kimya. Saa tano na robo nikaingia kwenye uwanja wa nyumbani, katikati ya viti vya plastiki, vumbi, kuku wanakimbia. Wote wakasimama.

Derick alikuwa na kalamu mkononi. "Tulikuwa agenda ya nne, mama," akasema kwa kunong'ona. "Ndiyo hiyo ya gari."

Dismasi akalizunguka gari lote, mikono nyuma. Akapiga tairi teke. Kisha akaenda upande wa abiria, akafungua mlango, akamshika Baba Salwa mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mzee wangu, shikamoo. Asante sana kwa kutuletea shemeji yetu salama. Tulisikia kwa Eliya kuna shida ya betri. Mungu akubariki kwa ufundi wako."

"Mimi?" Baba Salwa akashtuka. "Mimi sijui kuendesha hata baiskeli."

Wakacheka, wakampigia makofi. Mtu wa adabu, wakasema. Hajisifu. Mama mkwe wangu, ambaye macho yamepungua, akaita kutoka kwenye kiti chake, "Aika, baba, aika sana," akimshukuru. Na mimi nimesimama pale na usukani umeniachia alama viganjani!

"Basi, ndugu zangu," Dismasi akasema, sasa na uso wa huzuni, "gari limefika, tunashukuru. Lakini tulisema alilete mwenyewe. Limetengenezwa na jirani, limesindikizwa na jirani. Shemeji siyo kosa lake. Katibu, andika hivyo."

Na Derick, mtoto niliyempokea kwa mikono hii akitoka tumboni kwa mama yake, akainamisha kichwa akaanza kuandika.

"Weka kalamu chini," nikasema.

Sikupiga kelele. Nilitoa spana namba kumi mfukoni, nikafungua boneti, safari hii kwa sekunde mbili, nikalegeza hasi, nikaunyanyua waya nikauweka pembeni. Nikampa Dismasi ufunguo.

"Washa."

"Shemeji, hatujafika huko..."

"Washa, Dismasi."

Akaingia, akazungusha. Kimya. Akazungusha tena. Kuku tu ndio waliosikika. Nikampelekea Baba Salwa spana, nikamwambia mbele ya wote, "Fundi, funga." Akaficha mikono yote miwili nyuma ya koti. Nikamgeukia Dismasi, "Basi funga wewe, utumikie ukoo." Akatoka kwenye gari, akaja, akatazama ndani ya boneti. Alinyoosha mkono, akaurudisha. Alitazama pale ndani muda mrefu, na nikaona wazi kabisa, kama ninavyoona homa kwenye jicho la mgonjwa, kwamba hajui hata betri ni ipi.

Nikafunga mimi. Nikapita pembeni yake, nikaingia, nikawasha, nikaliacha lingurume mpaka mama mkwe akaweka mkono sikioni kusikiliza.

"Andika," nikamwambia Derick. "Betri kafunga Anande. Gari kaleta Anande. Gari ni la nani?"

Wazee wakatazamana. Mama mkwe ndiye aliyejibu. "La kwake. Andika, mjukuu wangu." Akaandika.

Dismasi alikuwa ameshika boneti, bado anatazama ile kazi safi, vibanio vinang'aa, chuma kimekaza. Akapumua. Nadhani safari hii hakuwa na hila. "Haya, shemeji. Nimekubali. Kwa kweli kaka alikufundisha vizuri."

Mama mkwe uso wake ukafunguka wote. "Elifuraha wangu," akasema. "Yeye alikuwa anajua. Alikufundisha, mwanangu?"

Wote wakanitazama. Baba Salwa akatazama chini. Vile vipande vya waya wa jikoni vilikuwa kwenye mkoba wangu, nilivibeba makusudi kuja kuwaonyesha fundi wao. Mkono wangu ulikuwa umeshafungua zipu. Nikamtazama yule bibi, uso wake umeinuliwa juu kuelekea ninakosimama, anasubiri.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Alinifundisha."

Tuliondoka saa tisa, na ndizi mkungu mzima nyuma. Tulipofika lami nikaanza. Nilimgombeza Elifuraha kutoka Boma Ng'ombe mpaka Usa River, kwa sauti yangu yote, jina lake la ubatizo na la ukoo. Nikamwambia umenisemesha uongo mara mbili kwa siku moja. Nikamwambia umeniharibia tundu la jikoni ukasingizia panya. Nikamwambia, ungesema tu hujui. Mimi pia nilikuwa sijui! Tungefungua boneti wote wawili, Jumamosi, tukaungua wote wawili, tukacheka. Miaka kumi na miwili, Elifuraha, ulikuwa umesimama pale mbele peke yako.

Baba Salwa aligeukia dirishani na kuhesabu miti mpaka tulipofika nyumbani.